Kikohozi Siku ya Ntheo

Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa nyumba moja na mimi. Mapenzi yangu na Jonah niliyaficha miezi saba, hata mama yangu hakunusa kitu. Kilichotushinda kuficha ni kikohozi chenyewe, tena cha ng'ombe, siku ile ya mwaka 1951 Jonah alipoleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwetu Kyuso.

Jonah alikuwa skauti wa mifugo, yaani yule mtu anayezunguka maboma kwa baiskeli akikagua wanyama na kuwapiga sindano. Kwao ni Mbooni, kule milimani, na watu wetu hawakuchoka kumtania kwamba mtu wa Mbooni anajua ndizi, ng'ombe anamwona sokoni. Walikosea. Wakati wa vita alikuwa Uhabeshi akitunza farasi na nyumbu wa jeshi, na huko ndiko alikojifunza kuweka sikio kwenye mbavu za mnyama na kusikiliza. Mara ya kwanza kumwona alikuwa ameinama hivyo kando ya punda wetu wa maji, macho ameyafumba. Nilimuuliza punda amemwambia nini. Akaniambia ninyamaze. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia hivyo nikatii, lakini siku hiyo nilitii, na nadhani hapo ndipo nilipopotea.

Ntheo, kwa asiyejua, ni mbuzi watatu ambao upande wa mwanamume hupeleka kwa kina msichana. Mmoja wao, beberu, huchinjwa papo hapo na kuliwa na pande zote mbili. Akishachinjwa, msichana ni mke wa watu, hata kama mahari yenyewe italipwa kwa miaka kumi. Asipochinjwa, mbuzi hurudi walikotoka na msichana hubaki kwao akipepeta ndengu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimepepeta ndengu za kutosha.

Baba yangu, Mzee Muthama, alikubali kuwapokea mbuzi hao kwa shingo upande. Ugomvi wake na Jonah ulikuwa mikia. Mwezi wa nne ilitoka amri ng'ombe wote wachanjwe homa ya mapafu. Chanjo ile hupigwa kwenye ncha ya mkia, na ng'ombe mmoja mmoja mkia wake ulivimba, ukaoza, ukakatwa. Watu wakampa Jonah jina la Mkata Mikia. Sasa baba alikuwa ametenga ng'ombe sita kwa mahari ya kaka yangu Musyoka, na kwetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa na wazee kuanzia pembe hadi kwato. Ng'ombe mwenye kipande cha mkia ni kichekesho cha mwaka mzima. Kwa hiyo baba aliwapeleka wengine wote kwenye chanjo, na wale sita akawaacha malishoni, ng'ambo ya mto, ambako skauti hakuwaona. Jonah akaandika kwamba boma la Muthama limekwisha kuchanjwa.

Wiki moja kabla ya ntheo, mmoja wa wale sita, mtamba mwekundu tuliyemwita Ndune, akaanza kukohoa.

Kumwacha malishoni hakukuwezekana, maana wachungaji wa maboma mengine wangemsikia na habari ingetembea. Zizini nyumbani ndiyo kabisa. Basi baba akafikiri, na alipofikiri alikuja na jambo ambalo hata leo sijui nilicheke au nilililie. Alimpeleka Ndune ndani ya nyumba ya mama.

Mkwe kwetu haingii nyumba ya mama mkwe wake. Tangu posa inapotajwa hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huchepuka kichakani. Heshima hiyo ni kubwa kuliko amri yoyote ya kuandikwa. Baba aliona katika Kyuso nzima hapana mahali salama zaidi pa kumficha ng'ombe asionwe na Jonah. Mimi mwenyewe nilicheka aliponieleza, nikasaidia kubeba majani. Kisha akaniambia maneno ambayo hayakuwa ya kucheka.

"Akimwona, atafunga boma," baba alisema. "Ng'ombe hawatatoka Jumatatu, na Musyoka hataoa. Amengoja miaka miwili kwa sababu ya ukame. Mimi sitampa binti yangu mtu aliyemvunjia mwanangu ndoa. Umesikia?"

Nilimjibu kwamba nimesikia.

Wageni walifika Jumamosi asubuhi. Jonah alikuja na amu yake, Mzee Mutie, mzee wa kanisa, na wazee wengine wawili. Mbuzi walikuwa wazuri. Beberu alikuwa mweusi tii, akafungwa kwenye nguzo mbele ya kila mtu. Jonah alivaa koti la kaki alilopewa alipotoka jeshini, limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alinitazama mara moja tu nilipomshikia birika la maji ya kunawa, nami nikamwaga maji juu ya viatu vyake. Hakuvipangusa.

Katika wanawake waliokuja kupika alikuwamo Kasyoka, mjane, mama yake Mumbua, msichana ambaye Musyoka alitaka kumwoa. Jumatatu ng'ombe wetu walikuwa waende kwake. Alikuwa na ng'ombe wanne tu, maziwa yao ndiyo yaliyosomesha watoto wake, naye aliwataja kwa majina kama mtu anayetaja wajukuu. Tulipokuwa tukipakua muthokoi alinieleza kwamba amepanua zizi lake, amekata miti mwenyewe, ili wageni na wenyeji walale pamoja. Nikamwambia ni vizuri.

Mzee Mutie alisimama kuomba. Aliombea safari, akaombea mvua, akaombea wagonjwa, na alipofika kwa wagonjwa kikohozi kikatoka nyumbani kwa mama. Kilikuwa kikavu na kirefu, cha mnyama mwenye maumivu. Niliona bega la Jonah likishtuka. Papo hapo mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akikohoa hata siku za baridi, akaanza kukohoa huko ndani kwa nguvu zake zote. Ndune akakohoa tena, mama akamfuata. Mzee Mutie, macho amefumba, akamwombea mama wa nyumba hii kifua kipone. Sote tukasema amina.

Baada ya chakula wazee walianza mazungumzo yao ya kuzunguka. Jonah alisimama kama mtu anayejinyoosha, akaja karibu na ghala, mahali nilipokuwa nikiosha vyombo.

"Mama yako ameanza lini kukohoa?"

"Juzi."

"Anakohoa akisimama au akilala?"

"Wewe ni daktari wa ng'ombe au wa mama za watu?"

Hakucheka. Alichuchumaa akashika sahani moja, akaanza kuifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni. Alikuwa na tabia hiyo, mikono yake haikukubali kukaa bure.

"Kalunde, nisikilize," akasema. "Kazi yangu inaniambia niingie nyumba ile sasa hivi. Nikiingia, wale mbuzi wanarudi, na mimi nawafuata nyuma. Najua hivyo. Kama ni ng'ombe, nitaingia. Kule Tseikuru nimeona boma ambalo lilibaki na ndama mmoja, na mwenyewe akilia kama mtoto. Lakini kama ni mama yako kweli, basi nitakuwa nimemwaibisha bure mzazi wa mtu ninayempenda. Sitaki kubahatisha. Wewe unajua. Ni nani anayekohoa?"

Alikuwa hajawahi kusema neno hilo, kwamba ananipenda. Alilisema katikati ya habari za ng'ombe, kana kwamba ni jambo tulilolimaliza zamani. Moyo wangu uliruka, na kwa sababu uliruka niliogopa. Nilimwona baba kule akizungumza na Mzee Mutie, na Musyoka amekaa pembeni ndani ya shati lake jipya. Nilimwona na beberu, bado mzima.

"Ni mama," nikasema.

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Wewe ukisema ni mama, ni mama." Aliweka sahani chini, safi. "Pole yake. Atafune tangawizi."

Akarudi kukaa na wazee. Nilimtazama akiketi, akipokea chai, akimcheka mzee mmoja aliyemtania habari za ndizi. Masikio yaliyosikia mapafu ya nyumbu vitani yalikuwa yamewekwa kando kwa ajili ya neno langu. Ningependa kusema kwamba nilifikiria ng'ombe wa watu. Sikufikiria. Nilifikiria kwamba nitalala na mtu huyu miaka yangu yote, na kila nitakapomwambia kitu atakiamini, nami nitakuwa nikijua nilivyoanza. Niliona aibu.

Kasyoka alikuja kuchukua vyombo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ng'ombe wetu wanapenda kufungwa karibu karibu au mbali mbali, maana hataki wapigane na wake usiku wa kwanza. Nilifuta mikono kwenye nguo yangu, nikaingia kwa mama.

Mama alikuwa ameketi kando ya Ndune gizani, ameshika gunia mbele ya pua zake kupunguza sauti. Jasho lilimtoka. Aliponiona alivuta pumzi.

"Umekuja kunipokea zamu?" akauliza. "Mimi koo limekwisha."

"Mwaitu, namtoa nje."

Aliteremsha gunia. Ndune alikuwa amenyoosha shingo, viwiko vyake vimetanuka kama mtu anayebeba mitungi miwili, na kila pumzi ilimwuma.

"Baba yako hatakusamehe mwaka huu," mama alisema. "Na mbuzi watarudi."

"Najua."

Aliondoa kigoda chake mlangoni ili tupite.

Nilitoka nikimwongoza Ndune kwa kamba mpaka katikati ya uwanja, kati ya beberu na wazee. Mazungumzo yalikatika. Ndune akasimama, akakohoa mara tatu mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyemsaidia. Sikumtazama baba. Nilimtazama Jonah, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nilikudanganya. Mama ni mzima."

Jonah alivua lile koti, akampa amu yake alishike. Aliweka sikio kwenye mbavu za Ndune upande wa kushoto, kisha kulia, akagonga gonga kwa vidole, akasikiliza tena. Alichukua muda wake. Hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya.

"Homa ya mapafu," akasema. "Mapafu ya upande mmoja yameshakwisha. Mzee, alikuwa na wenzake?"

Baba alinyamaza. Nadhani angenyamaza mpaka jua lichwe. Aliyejibu ni Musyoka, kaka yangu, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza. Alisema wako watano, ng'ambo ya mto, na hawakuchanjwa hata mmoja. Alisema akitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyekuwa akipoteza zaidi pale, na sijasahau kwamba ndiye aliyesema.

Kasyoka alikaa chini. "Ningewalaza na wangu," akasema, si kwa mtu yeyote.

Jonah alitoa karatasi kwenye mkoba wa baiskeli, akaandika juu ya goti. Alieleza taratibu, bila kumgombeza mtu. Ndune atachinjwa na mapafu yake yapelekwe yakaangaliwe. Wale watano watakaa walipo, peke yao, na yeye ataanza kuwakagua kesho. Boma liko chini ya karantini, hakuna ng'ombe wa kuingia wala kutoka. Baba aliipokea karatasi ile, akaikunja vipande vinne, akaitia mfukoni. Kisha akamgeukia Mzee Mutie.

"Fungua mbuzi zako," akasema. "Sina neno na wewe. Lakini nilisema, na nimesema. Fungua uende nazo."

Mzee Mutie hakuinuka. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini alikuwa Mkamba kwanza, na Mkamba hakosi mlango wa nyuma.

"Ningefungua, Muthama," akasema polepole. "Lakini si tumeambiwa boma limefungwa? Mnyama hatoki. Na wewe unajua, mbuzi wa ntheo wakilala kwa kina msichana hawarudi tena. Tutafanyaje? Tutii serikali."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mimi nilisikia damu ikinirudia usoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Baba aliitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, lakini hakujua kusoma, na mimi hakutaka kuniuliza. Akamtazama Jonah.

"Ni kweli? Umefunga mbuzi pia?"

Sema ndiyo, nikaomba moyoni. Neno moja tu. Hakuna ng'ombe atakayekufa kwa neno hilo. Jonah alinitazama, na niliona kwamba analitaka kama ninavyolitaka. 

"Hapana, Mzee," akasema. "Homa hii haishiki mbuzi. Karatasi ni ya ng'ombe tu. Mbuzi wanaweza kwenda."

Nilimpenda na nikatamani kumpiga na sufuria, yote kwa pumzi moja. Mzee Mutie alifumba macho kama anayeanza maombi mengine. Jonah alivuka uwanja akaenda kwenye nguzo, akaanza kumfungua beberu yeye mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza, au vidole vyake vilikuwa vimekataa kazi, sijui.

"Kijana," baba akaita. "Pale ghalani ulimwuliza binti yangu nini?"

"Nilimwuliza ni nani anayekohoa."

"Akasema ni mama."

"Ndiyo."

"Na wewe, mtu wa masikio, uliamini?"

Jonah aliacha lile fundo. "Nilimwamini yeye, Mzee. Kikohozi nilikijua. Nilikosea kazi yangu, na kama asingemtoa huyu ng'ombe ningekuwa nimemmaliza mama Mumbua. Hilo nitaliandika pia."

 Baba alimtazama Kasyoka pale chini, akamtazama Musyoka, akamtazama Ndune akihema. Mimi hakunitazama, na hakunitazama tena kwa wiki tatu. Kisha akaingiza mkono ubavuni, akachomoa kisu chake kwenye ala, akamnyooshea Mzee Mutie kwa upande wa mpini.

"Upande wenu anayechinja ni nani?" akauliza.

Nyuma yangu Kasyoka alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajizuia. Hakuna mwingine aliyepiga. Mzee Mutie alikipokea kisu kwa mikono miwili. Baba akaendelea kusema kana kwamba anapanga kazi za shamba. Musyoka ataoa kwanza, hilo lisiulizwe. Na Musyoka hataoa mpaka ng'ombe wafunguliwe. Na anayewafungua ni huyu huyu Mkata Mikia, kwa hiyo mtu asije akamletea haraka zake za ujana.

Beberu alichinjwa jua likiwa juu. Wazee walipokuwa wakigawa nyama nilimkuta Jonah kwenye jiwe la kunolea, ananawa mikono kwa dawa, kidole kwa kidole. Nilimwambia samahani. Akasema nimeshasema mbele ya watu ishirini, inatosha. Nilikaa kando yake, karibu kuliko ilivyofaa.

"Karantini huwa ya muda gani?" nikauliza.

"Miezi mitatu. Lakini inahesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho. Akipatikana mwingine kati ya wale watano, tunaanza upya."

"Na wewe ndiye unayehesabu."

"Mimi."

"Huwezi kupunguza hata wiki moja?"

Aligeuka akanitazama, macho mekundu kwa moshi, na nikaona jibu kabla hajalitoa.

"Hapana, Kalunde," akasema.

Nikamwambia nitangoja.